Ekari ya Baba Mdogo

Ukisema unasomea usimamizi wa shamba, watu wa kwetu Kilema, mlimani Kilimanjaro, wanakutazama kama mtu aliyelipa ada akafundishwe kutembea. Shamba si lipo? Jembe si lipo? Bibi alilea watoto tisa kwa kihamba chenye migomba na kahawa, na darasani hakuwahi kukanyaga. Mimi sikuwa na jibu. Jibu nililipata likizo moja, kule chini Uchira, nikiwa nimeshika ncha ya futi kamba.

Baba mdogo ana ekari moja ya mahindi Uchira. Alipimiwa namna kila mtu anavyopimiwa huku kwetu: hatua 70 upande huu, hatua 70 upande ule, mkashikana mikono. Siku hiyo nilishuka na futi kamba ya mita 50 niliyoazima chuoni, kwa sababu tulipewa kazi ya kupima shamba la nyumbani na kulichora.

"Shikamoo baba mdogo. Naomba unishikie hapa kwenye mpaka."

"Marahaba mama. Miaka miwili ya chuo, na bado unapima shamba ninalolijua?"

Alishika. Upande wa kwanza mita 52 na nusu. Wa pili hivyo hivyo. Nikazidisha: mita za mraba 2,756. Ekari ni 4,047. Nikarudia kwa simu, nikarudia kwa kalamu. Ekari ya baba mdogo ilikuwa theluthi mbili na ushee. Aliyempimia alikuwa mtu mfupi, hatua yake sentimita 75. (Ukienda kununua shamba kwa hatua, nenda na shemeji mrefu. Mwenye hatua ya mita nzima anakupa mita za mraba 4,900, yaani ekari na chenji.)

Kichekesho ni hicho. Ila kaa chini uhesabu. Miaka 11 dereva wa trekta analipwa kulima ekari. Vibarua wa palizi, ekari. Mfuko wa DAP wa kupandia na mfuko wa UREA wa kukuzia, vyote vya ekari, vinamwagwa kwenye theluthi mbili. Na hapo kwenye mavuno ndipo roho iliniuma zaidi: baba mdogo alikuwa akipata gunia 10, akaamini ardhi ya Uchira imechoka. Alishaanza kuulizia bei apauze. Gunia 10 kwa kipande kile ni karibu gunia 15 kwa ekari ya kweli. Ardhi haikuwa na kosa lolote. Aliyechoka alikuwa mfuko wake wa shati.

Nilikuwa na darasa zima la udongo kichwani, majina ya magonjwa, nafasi za kupandia. Hakuna hata kimoja kilichomsaidia baba mdogo siku ile kuliko kamba ya mita 50.

Babu alikuwa na kitabu chake cha chama cha msingi, enzi kahawa inakwenda KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na malipo yanakuja kwa mafungu, ya awali kwanza, mengine baadaye. Kimeandikwa vizuri, kilo kwa kilo. Wachagga wamekuwa na ushirika wa kahawa tangu miaka ya 1920, na KNCU yenyewe ni ya 1933, kwa hiyo asije mtu akasema kuandika ni jambo geni kwetu. Lakini kile kitabu kinajua kilichotoka shambani tu. Samadi iliyobebwa kichwani na bibi haimo. Siku za kupogoa hazimo. Mishahara ya baba iliyolipia dawa ya kutu ya majani haimo. Babu alikufa akijua kahawa inalipa, na pengine ililipa. Hakuna namna ya kujua.

Sasa nije kwa vyuo, maana ndiko lilipo lalamiko langu. Ukanda wetu haukosi pa kusoma: Tengeru kuna Horti kwa mboga na matunda, kuna LITA kwa mifugo, na Chekereni kuna KATC wanaojulikana kwa mpunga. Mimi nilisoma kwingine, na sikitaji. Mafunzo kwa vitendo tulikuwa nayo, tena ya kutoka jasho. Kila kundi lilikuwa na kitalu chake cha kabichi. Mbegu tulichukua stoo, mbolea stoo, dawa stoo, bomba la kupulizia stoo. Maji yalitoka bombani. Kabichi zilipokomaa likaja gari, zikapakiwa, zikaondoka. Ziliuzwa shilingi ngapi? Nilimuuliza mwalimu. Akaniambia hilo ni suala la uhasibu.

Nilipata alama ya juu katika usimamizi wa shamba bila kujua bei ya kabichi moja.

Mwaka wa mwisho mimi na wenzangu wawili tukachanga, tukakodi robo ekari jirani na Tengeru, tukapanda nyanya. Kantangaze alituwahi. Kwa asiyemjua, ni yule funza anayechimba njia ndani ya jani kisha anaingia kwenye tunda. Alionekana Arumeru mwaka 2014 na wakulima wakampa jina linalojieleza, maana akishapita kwako umebaki kwenda kutangaza umefilisika. Tulipuliza dawa moja, tukabadili ya pili. Tuliokoa nusu. Siku ya gulio tukafika Tengeru na matenga yetu, tukakuta kila mtu kavuna wiki hiyo. Dalali hakutazama hata usoni, alibonyeza nyanya ya juu, akataja bei, akageukia tenga la mwingine.

Daftari bado ninalo. Tuliyotoa: 486,000. Tuliyopata: 431,000. Hasara 55,000, ambayo watu watatu wanaweza kuicheka kwa chai. Kisha nikaandika mstari ambao mwenzangu mmoja alitaka niufute: siku zetu za kazi, 46, kwa kiwango cha kibarua cha 5,000. Hasara ikawa 285,000. Alisema sisi hatukulipwa, kwa hiyo si gharama. Tulibishana kuanzia stendi ya Tengeru mpaka daladala inaingia mjini. Hadi leo naona ule mstari ndio uliokuwa masomo yangu yote.

Ndiyo maana nasema chuo kinachokupa kila kitu stoo kinakufundisha kuwa kibarua hodari. Mpeni mwanafunzi kitalu kwa mkopo mdogo, mwacheni achague zao, akauze mwenyewe, na akipata hasara aieleze mbele ya darasa apewe alama kwa maelezo yake. Najua mtasema wazazi wa kijijini hawawezi kubeba hasara ya mtoto. Kweli. Basi chuo kibebe, na iandikwe kwenye ada waziwazi. Hasara ya robo ekari ukiwa na mwalimu pembeni ni nafuu kuliko ya ekari tano ukiwa na mkopo wa benki na mtoto mgongoni.

Baba mdogo hakuuza Uchira. Masika iliyopita alinunua mbolea kwa kipimo kipya, na dereva wa trekta alipokuja akakuta futi kamba imetandazwa chini inamsubiri. Waligombana kidogo, wakaelewana. Majirani wakimuuliza shamba lake ni kubwa kiasi gani, bado anawajibu ekari moja.