Mwezi, Bamvua na Samoni: Kipi Humleta Samaki?

Mvuvi wa Pemba au wa Mafia hahitaji kuambiwa kwamba mwezi unahusika na kitoweo chake. Anayevua pweza kwenye miamba hungojea bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, kwa kuwa maji hupwa mbali na miamba ikabaki wazi. Anayevua dagaa kwa taa hupumzisha chombo chake siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa yake haiwezi kushindana na mwanga uliotapakaa juu ya bahari nzima. Kanuni hizi mbili hazina ubishi, na sababu zake zinaonekana kwa macho. Katika Pasifiki ya kaskazini, kuanzia jimbo la Washington hadi Alaska, wavuvi wa samoni nao wana kanuni zao za mwezi, lakini huko jambo hili limebishaniwa kwa miaka mingi. Ubishi huo unastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu pande zote mbili zina hoja, ingawa kwa maoni yangu hoja hizo hazina uzito sawa.

Upande mmoja unaamini kwamba mwezi wenyewe humwamsha samaki na kumtia hamu ya kula. Imani hii ni ya kale, lakini ilipata sura ya jedwali kutoka kwa Mmarekani John Alden Knight, aliyeanza kuitunga nadharia yake mwaka 1926. Kwa mujibu wake, kila siku ina vipindi viwili vikubwa vya samaki kuchangamka, mwezi unapokuwa utosini na unapokuwa upande wa pili wa dunia, na vipindi viwili vidogo, unapochomoza na unapotua. Majedwali ya namna hiyo yangali yanachapishwa, na sasa yamo hata katika programu za simu. Upande wa pili unasema kwamba mwezi huyasukuma maji, na maji ndiyo yanayomsukuma samaki. Kwa hiyo mvuvi anayelijua vyema jedwali la kujaa na kupwa amekwisha kuuhesabu mwezi, na akiongeza kalenda ya mwezi juu yake anahesabu kitu kimoja mara mbili.

Kuhusu maji yenyewe hakuna mbishi. Nguvu ya mwezi ya kuinua maji ni zaidi kidogo ya mara mbili ya nguvu ya jua. Viwili hivyo vikiwa kwenye mstari mmoja, tunapata bamvua. Vikivuta kwa pembe mraba, tunapata maji mafu. Umbali wa mwezi nao una sehemu yake, kwani hubadilika kati ya kilomita 363,000 na 405,000 hivi, na tofauti hiyo, ambayo kwa macho haionekani kuwa kubwa, huongeza nguvu ya kuinua maji kwa karibu asilimia 40 mwezi unapokuwa karibu.

Hata hivyo, bahari hazifanani, na hapa ndipo msomaji wa pwani yetu anapoweza kupotoka. Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na vipindi hivyo viwili hukaribiana kwa kimo, ndiyo maana kanuni ya bamvua inasomeka waziwazi kutoka kwenye umbo la mwezi. Katika hori ya Puget Sound, ulipo mji wa Seattle, maji pia hupwa mara mbili, lakini upwaji mmoja huwa mkubwa na mwingine mdogo sana, na tofauti hiyo hutegemea kama mwezi umepanda kaskazini ya ikweta, umeshuka kusini, au uko juu ya ikweta yenyewe. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeutazama mwezi mpevu wa Seattle na kusema kwamba kesho asubuhi maji yatakwenda kwa nguvu anaweza kukosea kabisa, kwa sababu nguvu hiyo inaweza kuwa imeangukia upwaji wa usiku. Jedwali la maji halimkosei. Kwangu mimi hili peke yake ni hoja nzito dhidi ya kutumia umbo la mwezi kama njia ya mkato.

Mkondo humfanyia nini samoni? Akiwa bado baharini, samoni hula heringi na samaki wengine wadogo, na samaki hao hawana nguvu za kushindana na mkondo mkali. Maji yanapopita kwa kasi kwenye rasi au juu ya mwamba uliozama, hujikunja nyuma yake yakafanya kizingo kinachozunguka polepole, na ndani ya kizingo hicho vyakula hukusanyika kama majani makavu kwenye kona ya uwanja. Samoni hujua hivyo. Husimama pembezoni, mahali asipotumia nguvu nyingi, akachukua kinachomjia. Mkondo ukigeuka, kizingo huhamia upande wa pili wa rasi, na mvuvi asiyehama nacho hubaki akivua maji matupu. Kwa hiyo mvuvi anahitaji kujua maji yataanza kugeuka saa ngapi, na kwenye rasi ipi. Umbo la mwezi peke yake halimwambii hayo.

Mfano mzuri uko Campbell River, katika kisiwa cha Vancouver nchini Kanada. Mwaka 1924 kilianzishwa hapo chama cha wavuvi kiitwacho Tyee Club, ambacho kinadumu hadi leo. Ili mtu apokewe, lazima anase samoni aina ya Chinook, yule ambaye wenyeji wa Alaska humwita mfalme, mwenye uzito usiopungua ratili 30, yaani kilo 13.6, na amnase kwa chambo cha bandia akiwa kwenye mashua ya makasia isiyo na injini inayokwenda. Kaskazini kidogo ya mji huo kuna mlango mwembamba wa Seymour Narrows, ambako mkondo unaweza kufikia kasi ya kilomita 28 kwa saa. (Palikuwa hata na mwamba wa hatari chini ya maji, uliozamisha vyombo vingi, mpaka ulipolipuliwa tarehe 5 Aprili 1958.) Mtu anayevuta makasia karibu na maji ya namna hii hana nafasi ya nadharia: hutoka wakati ambao mkondo unamruhusu, hasa unapotulia kabla ya kugeuka, na utulivu huo ukiangukia mapambazuko au machweo huona amepata bahati. Atakayesema kwamba mvuvi huyu anaufuata mwezi atakuwa amesema kweli, lakini ni kweli isiyomsaidia mvuvi mahali popote ambapo jedwali la maji lilikuwa halijamsaidia.

Tena si kila bamvua ni neema. Mkondo ukizidi, mishipi hulala badala ya kusimama, chambo huelea juu ya kina alichomo samaki, na mashua haishikiki mahali. Maji makuu vilevile huyabeba magogo na mwani kutoka ufukweni, na uchafu huo hujinasa kwenye ndoana kutwa nzima. Kuna wavuvi wanaopendelea siku za katikati, ambazo maji yanakwenda lakini hayakimbii, na sioni sababu ya kuwapinga. Hapo majedwali yanayozipa siku za mwezi mwandamo na mpevu alama za juu kuliko zote hugongana na uzoefu wa mtu aliye ndani ya mashua.

Hoja inayoidhoofisha zaidi nadharia ya hamu ya kula ni maisha ya samoni mwenyewe. Samaki huyu huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi mtoni kutaga, na akishaingia katika maji yasiyo na chumvi huacha kula. Anayeng'ata chambo mtoni hufanya hivyo kwa ukali au kwa mazoea, si kwa njaa. Jedwali linalodai kutabiri saa za njaa lina kazi gani kwa samaki aliyefunga?

Mtoni linalobaki ni swali la lini ataingia. Kwenye mlango wa mto Kenai huko Alaska, wakazi wa jimbo hilo huruhusiwa kila mwaka, tarehe 10 hadi 31 Julai, kuchota samoni mwekundu, aina nyingine ya samoni, kwa nyavu zenye mpini mrefu kwa ajili ya chakula cha nyumbani, samaki 25 kwa mkuu wa kaya na 10 kwa kila mtu anayeongezeka. Maji ya hapo hupanda na kushuka hata meta 6 na zaidi siku za bamvua, wakati ya Dar es Salaam na Unguja ni meta 3 hadi 4. Wapo wanaoapa kwamba samaki huingia na maji kujaa, na wapo wanaoapa kwamba hupanda kwa wingi maji yanapopwa. Inawezekana wote wameona kweli, kila mmoja kwa siku yake, kwa sababu samoni hawa huja kwa makundi, na kundi likishafika mlangoni huweza kupita katika maji ya namna yoyote. Idara ya serikali huwahesabu kwa sonari, chombo kinachowatambua samaki majini kwa mawimbi ya sauti, maili 19 juu ya mlango, na takwimu za kila siku humsaidia mvuvi kujua kama kundi limefika. Maji yanaweza kuwa mazuri kupita kiasi; kama kundi bado liko mbali, wavu utarudi mtupu.

Wapo pia wanaosema kwamba mwezi hufanya kazi kwa mwanga: usiku wa mbalamwezi samoni huona, hula hadi ashibe, na asubuhi hajali chambo. Kwa latitudo za kusini kidogo, na katika majira ya kupukutika kwa majani, hoja hii inaingia akilini. Kwa Alaska ya mwezi wa saba haina nguvu, kwa kuwa usiku wenyewe hauingii giza kamili, na mwezi mpevu wa kiangazi katika nchi za kaskazini hupita chini, karibu na upeo wa macho.

Nikiishia hapo nitakuwa sijautendea haki upande wa kwanza, kwa sababu una ushahidi wa maana. Mwaka 1981 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba homoni ya thairoksini, inayomwandaa samoni mchanga kwa safari yake ya kwanza kutoka mtoni kwenda baharini, hupanda ghafla kwa kufuata kalenda ya mwezi, hasa karibu na mwezi mwandamo. Basi mwili wa samoni una namna ya kuujua mwezi, na anayesema kwamba jambo zima ni ushirikina anakosea. Vilevile mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi wa rekodi za samaki 341,959 wa aina ya muskellunge, ambaye si samoni bali ni mla nyama wa maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini, anayeishi mahali pasipo na kujaa wala kupwa. Ilionekana kwamba walinaswa zaidi karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na athari hiyo ilikuwa kubwa zaidi katikati ya kiangazi na katika latitudo za juu, yaani palepale ambapo hoja yangu ya mwanga ingesema isiwepo. Hili linanilazimisha kukiri kwamba kuna kitu ambacho maji na mwanga havikielezi.

Lakini kiasi chake ni kipi? Katika uchambuzi huo, mtu anayevua siku za kilele tu angetarajiwa kupata asilimia 5 zaidi ya anayevua siku yoyote, na watafiti wenyewe waliona kwamba katika ziwa mojawapo wavuvi pia walitoka kwa wingi zaidi kwa kufuata mwezi, jambo linalofanya sehemu ya ongezeko hilo kuwa ya watu badala ya samaki. Linganisha na mto Fraser wa Kanada: mwaka 2009 walirudi samoni wekundu takriban milioni 1.5, na mwaka uliofuata wakarudi kati ya milioni 28 na 30. Hakuna mwezi mpevu unaoweza kuifidia tofauti ya namna hiyo.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nilichukulie suala hili kwa uzito kuliko linavyochukuliwa na wengi. Mkondo hukusanya samaki mahali pamoja, na ujuzi wa maji humfikisha mvuvi mahali hapo kwa saa ileile. Maana yake ni kwamba samoni wanaweza kupungua katika bahari nzima huku yule anayezijua rasi na saa zake akiendelea kujaza mashua karibu kama zamani, akaamini kwa dhati kwamba samaki bado wapo tele, na akawapinga wataalamu wanaotaka kufunga uvuvi. Chinook wa Puget Sound waliwekwa na serikali ya Marekani kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1999. Kwa hiyo ujuzi wa maji unapaswa kuhukumiwa pia kwa kile kinachotokea baada ya samaki kunaswa.

Kuhusu hilo, katika kisiwa cha Lummi, jimboni Washington, kuna uvuvi wa kale wa wenyeji wa asili wa pwani ile, wa wavu unaotandazwa kati ya vyombo viwili vilivyotia nanga kwenye njia ya samoni wekundu waendao Fraser. Chombo hakimfuati samaki. Mkondo ndio unaomleta, na waangalizi husimama juu ya minara wakiyatazama maji hadi kundi lipite juu ya wavu, kisha wavu huinuliwa. Samaki hutoka wakiwa hai, na Chinook akionekana miongoni mwao hurudishwa majini aendelee na safari yake.