Kome wa kuchuja maji: Ziwa Victoria lisimkaribishe

Ukitazama maji ya Ghuba ya Mwanza yalivyo ya kijani, wazo la kuleta kiumbe wa kuyachuja linavutia. Mfano upo. Kome mdogo mwenye milia, asili yake maeneo ya Bahari Nyeusi na Kaspi, aligunduliwa mwaka 1988 katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada. Inaaminika aliletwa na maji ya kusawazishia meli. Kome mmoja huweza kuchuja lita moja hivi kwa siku, na muda si mrefu maji ya Ziwa Erie lililo jirani yakawa angavu.

Kwetu uangavu huo ungekuwa na faida ya kweli. Furu, samaki wadogo wa ziwa hili wenye spishi nyingi, huchagua wenza kwa rangi. Maji yakififisha rangi, spishi tofauti huzaliana na kuchanganyika. Hoja hiyo siipuuzi.

Lakini maji angavu si lazima yawe salama. Kome huyu hula mwani mwingine, yaani vimea vidogo vinavyoyapa maji ukijani, na mara nyingi huutema ule wenye sumu, ambao kwetu tayari ni mwingi. Pia huwanyang'anya chakula vijidudu vinavyoliwa na samaki wadogo, na hapa samaki mdogo maana yake ni dagaa. Tena huwaganda kome wenyeji magandani hadi wafe. Mwaka 1989 mji wa Monroe, jimboni Michigan, ulikosa maji baada ya kome kuziba bomba la kuvutia maji ziwani. Mwanza nayo hunywa maji ya ziwa.

Wanaosema tunatishana bure wana haki kwa sehemu. Kome mwenye milia huhitaji madini ya chokaa mengi kuliko yaliyomo ziwani kwetu. Ninayemhofia ni kome wa dhahabu kutoka Asia, aliyefika Río de la Plata, mlango wa mito huko Amerika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990: huvumilia joto na chokaa kidogo, na huko Brazili hujishika hata kwenye nyavu za vizimba vya kufugia samaki. Vizimba vya sato kwetu vinaongezeka.

Sangara naye alipandikizwa, akaleta viwanda na ajira, akachangia kutoweka kwa spishi nyingi za furu. Angalau sangara anavulika. Kome akishajaa kwenye miamba ya ziwa kubwa hivi, hakuna wavu wa kumtoa.

Meli za baharini hazifiki huku; njia yake itakuwa boti, nyavu au vifaranga vya samaki kutoka nje. Kwa hiyo mwenye kizimba aulizwe vifaa vyake vimetoka maji gani, na vikaushwe kabisa juani kabla ya kugusa ziwa.