Breki ya injini kwenye mteremko wa Kitonga

Lori lililobeba shaba kutoka Zambia likifika Kitonga, ukitoka Iringa kuelekea Morogoro, linashikwa na vitu viwili: breki za magurudumu au injini yenyewe. Mimi niko upande wa injini, ila kwa masharti.

Ukikanyaga breki mteremko mzima, dramu hupata moto, hutanuka na kuziacha nyuma lainingi, yaani vipande vinavyosugua dramu ili kushika gurudumu. Harufu ya kuungua inaingia kwenye kabini, upepo wa breki umejaa kwenye mitungi, unakanyaga hadi mwisho na gari halishikiki. Breki ya injini huepusha hilo. Aina ya egzosi huziba bomba la moshi ili moshi uirudie injini na kuikaba. Nyingine hufungua valvu za kutolea moshi pistoni inapomaliza kugandamiza hewa, ile nguvu ikatoka nje badala ya kuirudisha pistoni. Hii aliibuni Clessie Cummins, aliyeponea chupuchupu breki za lori zilipomshinda kwenye mteremko wa Cajon Pass, California, mwaka 1931.

Wapo madereva wanaodai inakula mafuta. Si kweli. Kwenye injini za kompyuta, ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gari liko kwenye gia, nozeli hazinyunyizi mafuta. Anayeshuka nyutro ndiye anayechoma, kwa sababu injini yake lazima ipewe mafuta isizimike. Wanaosema inaua injini wana hoja kidogo: gia ikiwa ndogo kuliko mwendo, injini huzunguka kupita kiasi. Ndiyo maana gia huchaguliwa ukiwa bado juu ya mlima, kabla ya kuanza kushuka. Ukichelewa inaweza isiingie kabisa, na bila gia breki ya injini haina kazi.

Hoja ninayoikubali moja kwa moja ni ya utelezi. Breki hii hushika magurudumu ya kuvuta peke yake. Mvua ikinyesha na tela likiwa tupu, magurudumu hayo huteleza, tela likakisukuma kichwa hadi gari likajikunja katikati. Hapo izimwe, mwendo upunguzwe mapema.

Kinachoniuma zaidi kiko gereji. Kifuniko kinachoziba bomba la egzosi kinaganda kwa masizi, fundi anakikaza kibaki wazi, tajiri anaona amepona gharama, kisha dereva anapewa mzigo bila kuambiwa. Dereva aijaribu swichi ya breki ya injini akiwa bado tambarare. Isiposhika, ana haki ya kukataa kuondoka.