Nunua kwa Mweusi Mwenzako: Hesabu Inafika Wapi?

Januari 2025 kampuni ya maduka ya Target ya Marekani ilitangaza kuachana na malengo yake ya usawa wa rangi. Malengo hayo yalitangazwa baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi mwaka 2020 mjini Minneapolis, na makao makuu ya Target yako mji huohuo. Mwaka 2021 kampuni iliahidi kutumia zaidi ya dola bilioni 2 kwa biashara za watu weusi ifikapo mwisho wa 2025. Ilipogeuka, Mchungaji Jamal Bryant, mwenye kanisa kubwa nje kidogo ya Atlanta, aliwaita watu kwenye mfungo wa siku 40 wa kutoingia Target. Wengi waliitika. Ila baadhi ya wajasiriamali weusi, akiwemo Tabitha Brown, waliomba watu wafikiri mara mbili: bidhaa zao zimo kwenye maduka hayo, na zisiponunuliwa zitaondolewa.

Sioni wa kulaumiwa kati yao. Lakini mzozo huo umeanika jambo ambalo kaulimbiu ya kununua kwa mweusi mwenzako hulipita juu juu. Mfanyabiashara mweusi anaweza kumiliki bidhaa, asimiliki rafu inapouzwa.

Tuanze na ukubwa wa pengo la mali kati ya weusi na wazungu, ambalo kaulimbiu hiyo inatarajiwa kuliziba. Kwa takwimu za Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, za mwaka 2022, ukizipanga kaya zote za wazungu kuanzia maskini hadi tajiri, ile ya katikati ilikuwa na mali ya takriban dola 285,000 baada ya kutoa madeni. Ya watu weusi ilikuwa na takriban dola 44,900. Hizo ni nyumba, hisa, akiba za uzeeni, biashara na fedha za benki. Mshahara haumo.

Wanaotetea ununuzi wa makusudi wana historia ndefu nyuma yao. Booker T. Washington alianzisha umoja wa kitaifa wa wafanyabiashara weusi mwaka 1900. Miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, ile ya 1930, watu wa Chicago na Harlem waligoma kununua kwenye maduka ambayo yasingewaajiri, na yako maduka yaliyosalimu amri. Hata Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi aliyoianzisha Maulana Karenga mwaka 1966, imeitenga siku ya nne, Ujamaa, kwa ajili ya kujenga na kuendesha maduka yao wenyewe. Hoja yao si ya hisia tu. Mwajiri mweusi huwa tayari zaidi kuajiri weusi, na hufungua duka mtaani ambako kampuni kubwa hazitaki kwenda. Isitoshe, kaya yenye biashara huwa na mali nyingi kuliko isiyo nayo. (Hili la mwisho nalipokea nusu tu: mara nyingi mwenye mali ndiye anayethubutu kufungua biashara.)

Mfano wanaoupenda ni Greenwood, mtaa wa watu weusi wa Tulsa, Oklahoma. Ubaguzi uliwafungia wakazi upande mmoja wa reli, basi fedha zao zikabaki humo: hoteli, majumba ya sinema, magazeti, madaktari, mawakili. Usiku wa Mei 31 na siku ya Juni 1, 1921, umati wa wazungu uliivamia Greenwood na kuteketeza takriban vitalu 35 vya majengo. Kampuni za bima zilikataa kulipa, zikisema mikataba yao haihusu hasara za ghasia. Wakazi waliijenga upya kwa nguvu zao wenyewe. Miongo kadhaa baadaye ikaja barabara kuu ya I-244, ikapita katikati ya mtaa. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Oklahoma iliitupa kesi ya manusura wa mwisho waliokuwa wakidai fidia.

Mimi naisoma Greenwood kinyume na wanavyoisoma wengi. Wateja waaminifu walikuwepo, tena kwa wingi. Kilichokosekana ni polisi wa kuwalinda, bima ya kulipa, mahakama ya kusikiliza na baraza la mji lisilochora barabara juu ya nyumba zao. Hakuna mteja anayeweza kuvinunua vitu hivyo dukani.

Hesabu ya dola nayo ina matatizo. Husemwa sana kwamba dola hukaa saa sita tu katika jamii ya weusi kabla ya kutoka, lakini anayeirudia takwimu hiyo haonyeshi utafiti ilikotoka. Kinachojulikana ni kwamba duka la vyakula hubakiwa na senti chache mno kwa kila dola, na senti hizo ni za mwenye duka. Jirani aliyemuungisha hapati hisa. Nazo biashara za weusi zenye waajiriwa ni takriban asilimia 3 tu ya biashara zote za aina hiyo nchini. Walio wengi hujiajiri peke yao.

Kwa hiyo tatizo linahamia kwenye mtaji, na hapo ndipo pachungu. Benki ya Freedman, iliyoanzishwa mwaka 1865 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, ilianguka mwaka 1874, huku wenye akiba wapatao 61,000 wakidai karibu dola milioni 3. Wao walikuwa wameweka akiba kama walivyohimizwa. Waliotapanya ni viongozi waliokopeshana. Karne na nusu baadaye, mfuko wa Fearless Fund wa Atlanta ulitoa ruzuku za dola 20,000 kwa wanawake weusi wenye biashara. Ukashtakiwa mwaka 2023 kwa sheria ya mwaka 1866, iliyotungwa kuwalinda hao hao walioachwa huru, kwamba unabagua wasio weusi. Mahakama ya rufaa iliusimamisha, na mwaka 2024 mpango huo ukafungwa.

Wachumi kama William Darity na Darrick Hamilton wamesema wazi kwamba si biashara, elimu wala kuweka akiba vitakavyoziba pengo hili bila serikali kugawa mali. Nadhani hesabu iko upande wao. Udhaifu wao uko kwenye saa. Mfano ni jimbo la Connecticut, ambalo limeanza kuwatengea dola 3,200 watoto waliozaliwa kuanzia Julai 2023 katika familia zenye bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Fedha zitawekezwa hadi mtoto afikishe miaka 18, ndipo azitumie kwa nyumba, masomo au biashara. Kigezo ni umaskini, si rangi, kwa hiyo ni vigumu kuushtaki mpango huu kama Fearless Fund. Kwa sababu hiyohiyo, hauwalengi weusi moja kwa moja. Watoto wa kwanza watafikisha umri huo mwaka 2041. Mwenye saluni anayedaiwa kodi ya pango mwezi huu hafiki huko bila wateja wa Jumamosi hii.