Ndoa ya Kukata Leseni Kila Mwaka

Picha za kuombea kibali changu cha kukaa Thailand mwaka mwingine zimekataliwa. Eti namba ya nyumba haisomeki! Mimi na mke wangu tumesimama mlangoni, tumeshikana mikono, tumechanua meno mpaka mataya yanauma, nyuma yetu kibao cha namba ya nyumba kinang'aa juani, na afande wa dirishani pale uhamiaji anachokiona ni kitu kimoja tu: tarakimu ya mwisho imefunikwa na bega langu. "Bega lisogee," anasema, kisha ananirudishia bahasha nzima. Bega lisogee! Mtu mzima na mvi zangu, nina watoto wawili niliozaa na huyo huyo mwanamke niliyemshika mkono pichani, halafu serikali ya watu inagombana na bega.

Wenzangu mliooa Thailand sina haja ya kuwaanzia na alifu. Mnajua msimu umefika. Miezi yote mingine mimi ni baba, ni mkwe, ni mtu wa kuheshimika mtaani, watoto wa shule wakipita wananikunjia viganja kunisalimia. Mwezi huu mmoja nageuka mwombaji. Fomu ya TM.7, picha ya paspoti, nakala za kurasa za paspoti pamoja na zile ambazo hazina kitu, kitambulisho cha mke, kitabu cha nyumba chenye majina ya wakaaji wake, barua ya benki, ramani ya kufika nyumbani iliyochorwa kwa mkono, picha za sebuleni, picha za chumbani, na baht 1,900 juu. Kila karatasi niitie saini kwa kalamu ya buluu. Mwaka mmoja nilitia kwa nyeusi, mke wangu akaniangalia mpaka nikaenda kununua buluu bila kuambiwa.

Halafu kuna karatasi ya wilayani, Kor Ror 2, ile ya daftari la ndoa. Lazima itolewe upya. Ya mwaka jana haifai, maana inathibitisha tu kwamba mwaka jana tulikuwa hatujaachana. Na humo ndani ndoa yetu imeandikwa ya mwaka 2562, kwa kuwa wao wanahesabu miaka ya Buddha, wametutangulia kwa miaka 543. Nilipomtumia mjomba wangu Tanga picha yake alinipigia papo hapo. "Mwanangu, mbona harusi yenyewe bado mbali hivyo? Sasa haraka ya kutuchangisha ilikuwa ya nini?"

Pesa nazo. Ama uonyeshe kipato cha baht 40,000 kila mwezi, ama uweke 400,000 benki zikae miezi miwili kabla hujapeleka maombi. Mimi ni dalali wa mawe ya vito. Wikiendi naenda mji wa Chanthaburi, soko la vito, nakaa na vipakti vyangu vya spinel na garnet za kwetu, nasubiri mnunuzi mwenye lenzi jichoni aniambie jiwe lina ufa. Kipato cha kila mwezi nitakitoa wapi? Mwezi huu nakula kuku, mwezi ujao nakula mate. Basi nimeweka 400,000, na hizo ni kama milioni 30 za kwetu, zimelala benki zinakoroma, na mimi mwenye mali nakula tambi za pakiti. Shemeji yangu anajua zilipo. Kila pikipiki yake ikiharibika ananitazama kwa huzuni kubwa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba masharti hayo ya pesa ni ya wanaume peke yao. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mthai haulizwi akiba yake. Kuna dada mmoja Mfilipino mtaa wa pili, tunakutana foleni, yeye bahasha yake nyembamba, anaingia, anacheka nao, anatoka. Ananiuliza, "Bado uko hapa?"

Na hawa hawa Wathai ndio walikuja kwetu Tanzania, kule Tunduru, miaka ya 1990, vito vya safiri (sapphire) vilipofumuka, wakajaa tele kununua mawe. Hakuna aliyemwambia Mthai atuletee picha yake akiwa amekaa kitandani.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga wa huku wao walimpa siku 90, kisha wakampa fomu ya TM.47 aje aripoti kwamba bado anakaa palepale alipokuwa anakaa. Ukienda kuripoti umechelewa, faini baht 2,000. Na ukitaka kwenda kwenu kumzika mtu, kwanza ukate ruhusa ya kurudia, 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi, la sivyo ukivuka mpaka kibali chako cha mwaka mzima kinayeyuka na unaanza upya. Mama mkwe, ambaye nyumba ni yake, yeye ndiye aliyetakiwa kuniripoti kwa TM.30 ndani ya saa 24 tangu nilipoingia kwake. Alinivalia gauni zuri, akaenda kuniripoti.

Lakini hayo yote ni nyimbo. Ngoma yenyewe ni wanapokuja nyumbani.

Wanakuja wanapotaka. Ukishapeleka maombi unagongewa muhuri wa siku 30, "yanaangaliwa," na katika siku hizo wanaweza kuja kuhakikisha kwamba ndoa ipo. Mwaka mmoja walipiga simu asubuhi, wako njiani. Mke wangu kaenda sokoni na pikipiki. Mimi niko uani na kikoi, kifua wazi, nampangia mama mkwe madoriani kwa ukubwa. Nikakimbilia ndani. Nikasema, hawa ni watu wa serikali, hawawezi kumkuta mume wa mtu na kikoi. Nikavaa koti la harusi. Joto la mwezi wa tano, mashariki mwa Thailand, koti lenye bitana.

Walikuja wawili. Mmoja mzee, mpole, ana faili. Mwingine kijana, ana kamera. Nikawapokea mlangoni kwa heshima zote, nikawauliza kama ramani yangu imewasaidia, maana niliichora kwa jioni nzima, nikaweka mpaka kisima na mbwa wa jirani asiye na mkia. Kijana akasema wamekuja kwa simu.

"Mke yuko wapi?"

"Sokoni."

Akaandika. Nawaapia, jibu lilikuwa neno moja, yeye akajaza mistari mitatu. Nikaanza kulowa ndani ya koti.

Mama mkwe hakuwa na wasiwasi wowote. Alileta maji ya barafu, akaleta mangostini, kisha akaketi chini na kisu chake akapasua doriani la aina ya Monthong. Mzee wa faili aliponusa tu, kazi ya serikali ikasimama. Wakaanza kuzungumza bei ya kilo shambani, Wachina mwaka huu wananunuaje, mvua iliyoangusha maua, nani kakata miti ya mpira apande doriani. Mimi mtuhumiwa nimekaa pembeni na koti langu, hakuna anayeniuliza. Nikakohoa. Mama mkwe akanipa kipande nami nikanyamaza.

Kijana yeye hakusahau kilichomleta. Akataka kuona chumbani. Nikampeleka. Akapiga picha kitanda, kwa upande huu, kwa upande ule. Akafungua kabati, na kabati lile, jamani, lilikuwa limejaa magauni toka ukuta hadi ukuta.

"Nguo zako ziko wapi?"

Nikamwonyesha kikapu cha plastiki nyuma ya mlango. Akainama akakitazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa ananitazama tofauti kidogo. Nadhani na yeye kaoa.

Sasa lazima apatikane shahidi, jirani anayetufahamu. Akaitwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, akaja anajifuta mikono, nikajua nimekwisha, kwa sababu nilikuwa na deni lake la wali wa wiki nzima.

"Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu sana. Ananidai."

Hapana, nimekosea, alisema "Namdai." Yeye ndiye anayenidai mimi. Kijana akauliza kama deni ni la ndoa. Likaelezwa. Likaandikwa.

"Hawa wawili wanaishi pamoja?"

"Wanaishi. Kila usiku nawasikia."

Kisu cha mama mkwe kikasimama katikati ya doriani. Mzee akaacha kutafuna. Mimi jasho likashuka moja kwa moja mpaka viatuni.

"Wakigombana," akamalizia mama ntilie, bila haraka. "Wanagombania kiyoyozi. Huyu anataka 27, mwenzake anataka 22. Anamwambia wewe umetoka Afrika unaogopa baridi ya nini, huyu anamjibu Tanga hakuna friji inayolaliwa. Kisha mmoja anazima, mwingine anawasha. Mpaka saa sita."

Sijapata kuona uso wa mtumishi wa serikali ukifunguka vile. Mzee alikunja faili, akanyoosha kidole, akasema kwa sauti ya mtu aliyeyaona mengi kwamba nyumbani kwake ni 23, na yeye ndiye anayelala na blanketi. Ndoa yetu ikathibitishwa hapo hapo. Picha za kushikana mikono hazikusaidia, wala karatasi ya wilayani. Kiyoyozi.

Mke wangu akafika na pikipiki, mifuko ya samaki huku na huku, akaniona na koti. "Nani kafa?" Ikapigwa picha ya pamoja, maana na yenyewe inaingia kwenye faili: mzee, mama mkwe, mke, mama ntilie, madoriani mbele yamepangwa vizuri kabisa kwa ukubwa. Mimi nimo, pembeni, nusu uso na mkono mmoja. Kwenye faili la ndoa yangu, doriani linaonekana kuliko bwana harusi.

Tunacheka, naam. Lakini inachosha, nisiwadanganye. Watoto wanazungumza lugha hii kuliko mimi, wananisahihisha mezani. Msiba ukitokea mtaani mimi ndiye nabeba viti. Na bado kila mwaka nasimama mbele ya kijana aliyezaliwa nikiwa nanyoa ndevu, nimthibitishie kwamba usiku nalala kwangu. Ardhi siwezi kumiliki, hilo ni la sheria, nyumba ni ya mama mkwe, shamba la mama mkwe. Siku mimi na mke wangu tukigombana kweli kweli, si mambo ya 22 na 27, yeye anabaki na nyumba na mimi sibaki hata na nchi. Usiku wa kuamkia kwenda dirishani silali. Nahesabu karatasi. Mke anasema zima taa, nasema subiri, kuna nakala moja siioni.

Watu wananiambia omba ukaazi wa kudumu upumzike. Nafasi zipo, ni 100 kwa kila taifa kwa mwaka. Watanzania 100! Tukijikusanya wote wanaotaka sijui kama tutajaza daladala. Shida si nafasi. Shida ni baht 95,700 za ada kwa aliyeoa raia, na hiyo ndiyo nusu bei, na kabla ya hapo rundo la karatasi ambalo hili la mwaka ni utangulizi wake. Shemeji naye pikipiki yake imeanza tena kutoa moshi.

Basi kesho tunapiga picha upya. Nimeshamwambia mke wangu avae lile lile gauni tusije tukaulizwa. Na hapo ndipo jana mpwa wangu akachagua kunipigia kutoka Tanga, anataka kuja kututembelea mwezi wa nane. Mjomba, nahitaji nini? Nikamwambia viza unaombea mtandaoni, kadi ya kuingilia unajaza mtandaoni siku tatu kabla, na kadi ya njano ya homa ya manjano usiiache kabatini kwa bibi, maana ukishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, unapitia kwanza kwa watu wa afya ndiyo uende kwenye muhuri. Akasema sawa mjomba, na nikuletee nini? Nikamwambia dagaa. Wa Kigoma, wakavu, asiniletee wale wa mchanga.

Ila hapo nako najitafutia balaa. Nyumba hii doriani linanuka toka mwezi wa nne mpaka wa saba, mapazia yananuka, mto wa kulalia unanuka, hakuna mtu aliyewahi kukunja pua. Nikikaanga dagaa zangu kiganja kimoja tu, mama mkwe anafungua madirisha yote mawili, na mke anakwenda kuwasha kiyoyozi 22 madirisha yakiwa wazi. Ukiwaambia baridi inatoka nje wanakwambia harufu nayo itoke. Na bili ya umeme, wanayoijua tangu siku ya kwanza kwamba ni ya nani, haikuhitaji nakala, wala picha, wala shahidi.