Mtazameni mikono huyo mchungaji

Sebuleni kwa shangazi yangu, Kibosho, mlimani Kilimanjaro, imetundikwa nakala ya picha ya Jean-François Millet ya mwaka 1862: msichana kasimama malishoni, kondoo wako nyuma yake. Krismasi iliyopita, nyumba imejaa watu waliopanda kutoka Dar, mmoja akaitazama akasema, "Huo ndio utoto, bwana. Amani tupu." Wengi wakaitikia. Mimi nilinyamaza, na neno hilo linanikera mpaka leo.

Mtazameni mikono. Anafuma. Kondoo wanakula, naye vidole vyake vinahangaika na uzi. Kazi mbili kwa saa ileile. Millet alijua anachokichora, maana alizaliwa mwaka 1814 kwa wakulima wa kijiji cha Gruchy, Normandy, akalima shamba la baba yake kabla ya kuwa mchoraji. Na picha hii ilikwaruzwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, kisha asidi ikala shaba kila palipokwaruzwa, ndipo wino ukapata pa kukaa.

Utulivu umo, sikatai. Ila ni utulivu wa mtu aliyeizoea kazi.

Sisi wa mlimani hata malisho hayo hatukuwa nayo. Kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, ni migomba na kahawa, ng'ombe utamwachia wapi? Alikaa zizini, chakula kikamfuata. Jumamosi tulishuka tambarare na mundu na kamba, tukakata majani, tukafunga mizigo, tukaweka ngata kichwani na kuanza kupanda. Majani mabichi ni mazito jamani, na yanawasha shingo vibaya. Tulipumzika kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, tukanywa maji kwa viganja, tukacheka mno. Furaha ilikuwepo, na mzigo ulikuwa unatungoja pembeni. Samadi ya ng'ombe huyo ikarudi kwenye migomba, nasi tukala ndizi.

Shangazi aliipata picha hiyo soko la Memorial mjini Moshi, katikati ya mitumba. Nilimuuliza alipendea nini. Akajibu, "Nilimwona huyu mtoto ana kazi." Hajawahi kusomea sanaa, lakini sijasikia tafsiri iliyo sahihi zaidi.

Natamani mchoraji wetu wa Moshi achukue bamba lake atuchoree njia ya Kibosho jioni: mizigo ya majani imefuatana kupanda mlima, na chini ya kila mzigo miguu miwili midogo yenye vumbi jekundu.