Rupia ya Bibi na mwaka wake

Bibi mzaa mama alipofariki, ndani ya mkoba wake wa ukindu tulikuta rupia ya fedha iliyotobolewa na kutiwa uzi mweusi. Upande mmoja umesuguliwa mpaka sura ya mfalme imefutika, ukawa laini kama ukucha. Juu yake limechongwa jina la baba yake Bibi kwa herufi za Kiarabu, kwa kitu chenye ncha, naona msumari. Herufi ya mwisho imeteleza mpaka ukingoni, kama mkono ulichoka.

Kwetu hapa Tanga kila mtoto wa ukoo amelelewa na habari ya rupia hiyo. Babu, ndivyo tunavyomwita huyo baba yake Bibi, alikuwa askari wa Mjerumani, akapigana Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipowashusha askari wao wa Kihindi Ras Kasone, na rupia aliitoa kwa adui aliyeanguka. Vita yenyewe ilikuwapo, hakuna ubishi. Walioshuka walikuwa kama elfu nane, waliowangoja hawakuzidi elfu moja na ushei, na wengine wao waliletwa mbio kwa reli kutoka Moshi. Nyuki walitoka mizingani wakauma wa huku na wa huku. Waingereza wakarudi merikebuni, wakaacha mamia ya bunduki.

Lakini upande wa pili wa rupia haukusuguliwa. Kuna maandishi ya Kiingereza, kisha ya Kiajemi, ambayo Bibi, aliyehitimu Kurani bila kwenda skuli, alikuwa akitusomea: "yak rupia," yaani rupia moja. Alituonyesha hata ile p yenye nukta tatu, isiyokuwamo katika Kiarabu. Chini yake imeandikwa India, na mwaka: 1916.

Tumeishika rupia hii miaka yote na hakuna aliyeutazama huo mwaka. Rupia iliyopigwa 1916 haiwezi kuokotwa vitani 1914.

Mwaka wa sarafu hausemi iliingia lini mkononi mwa mtu. Unasema tu kwamba si kabla ya hapo. Huenda Babu aliipata 1916 yenyewe, huenda 1919. Ninachokijua ni kwamba Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma, na hesabu zao za fedha huku zilikuwa kwa rupia za India. Mjerumani alikuwa na rupia yake mwenyewe, yenye sura ya Kaisari, na tangu 1904 ilikuwa ikivunjwa kwa heller 100. Waliolipwa na Waingereza, askari na wapagazi, walilipwa kwa hii ya India.

Niliipeleka kwa sonara Ngamiani. Akaiweka mizanini: gramu kumi na kidogo. Rupia nzima ni gramu 11.66, yaani tola moja kamili, kipimo cha Kihindi, kwa sababu tola yenyewe ndiyo uzito wa rupia. Ile gramu moja na zaidi iliyopungua ni kazi ya Babu, au ya aliyemsugulia. Sonara, kwa wema wake, akataka kuiosha kwa dawa ing'ae. Nikamkamata mkono. Weusi ule uliolala ndani ya herufi ndio unaozifanya zisomeke, na kusugua tena ni kulila jina. Nawaomba wenye vitu kama hivi majumbani: msivisafishe, na msivipeleke kuyeyushwa kwa bei ya fedha, kabla hamjasoma kila kilichoandikwa na kuwauliza wazee walio hai.

Mjomba alikasirika. "Kwa hiyo unataka kumvua babu yetu bunduki, umtwike mzigo?"

Simtwiki mimi. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema kwamba baba yake alikuwa na upara wa mviringo utosini tangu ujanani, mahali pa ngata ya kubebea mzigo kichwani. Tulikuwa tukicheka. Siku hizi sicheki. Upara hauthibitishi kitu peke yake, wala rupia peke yake, ila vikiwekwa pamoja naona mpagazi kuliko askari. Na sioni aibu iko wapi. Rekodi za Waingereza wenyewe zinakiri vifo vya wapagazi wao vinavyokaribia laki moja, wengi wakiuawa na maradhi na njaa, si risasi. Pale Dar es Salaam kwenye mnara wa Askari, uliozinduliwa 1927, wapagazi wameandikwa kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Wameandikwa tu. Aliyesimamishwa juu kwa shaba ni mwenye bunduki. Familia zetu nazo zimefanya vilevile: tumemsimamisha askari, mpagazi tukamfuta kama uso wa mfalme kwenye rupia.

Kwa hiyo nimeandika karatasi mbili, nimezikunja pamoja na rupia. Moja ina habari ya Bibi kama alivyoisimulia, neno kwa neno, kwa kuwa nayo ni urithi. Ya pili ina mwaka, uzito, maandishi na ule upara.

Wiki iliyopita Mjomba alikuja barazani, akaomba kuiona tena. Aliishika muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba katika nyumba ya Babu hakuna mtoto aliyeruhusiwa kubeba kitu kichwani, hata ndoo ya maji. Nikaenda kutafuta kalamu.